MGENI AKIPEWA JEMBE

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi kabla ya uchaguzi wa Katibu



Nawashukuru hasa wale waliotoka zamu ya usiku na badala ya kwenda kulala wakaja hapa. Mimi si msomi. Nilisoma shule ya misheni nikaishia darasa la nane, na elimu nyingine niliyo nayo nimeipata karakana na katika magazeti. Nikikosea mniwie radhi, na mwenye kujua zaidi asimame baadaye atusahihishe.

Kisa cha kusimama kwangu ni hiki. Wiki tatu zijazo tutachagua Katibu wa tawi. Wagombea ni wawili. Mmoja amekuwa nasi tangu ujana wake. Mwingine alitujia miaka miwili iliyopita kutoka chama kingine cha wafanyakazi. Majina sitataja, maana mnawajua, na wote wawili wameketi humu ndani. Lakini maneno yaliyosemwa kantini nitayataja. Wako wasemao, "Mgeni akishinda, tutarudisha kadi." Na wako wajibuo, "Mgeni akizuiwa, tutaondoka naye."

Katika mabishano hayo watu wakaanza kuitaja Marekani. Mmoja akasema, "Mwangalieni Trump, aliingia katika chama cha watu akakichukua chote." Mwenzake akajibu, "Mwangalieni Sanders, wenye chama walimfungia mlango." Bwana Katibu akaniambia, wewe upendaye kusoma, kasome mambo hayo kisha uje utueleze. Nimesoma. Na niliyoyaona ninaweza kuyasema kwa neno moja: uaminifu kwa chama ni deni la pande mbili. Mwanachama anadaiwa na nyumba, na nyumba inadaiwa na mwanachama. Upande mmoja ukikataa kulipa, wa pili nao huacha.

JINSI WAMAREKANI WANAVYOCHUJA

Marekani ina vyama viwili vikubwa vya siasa, Democratic na Republican. Rais huchaguliwa mwezi wa Novemba kila baada ya miaka 4. Lakini kabla ya hapo kila chama humtafuta mgombea wake mmoja, na huo ndio mchujo. Kazi huanza mapema mwaka wa uchaguzi, jimbo baada ya jimbo, mpaka Juni. Kura za kila jimbo hugeuzwa kuwa wajumbe, na wajumbe hukutana katika mkutano mkuu wa chama kumtangaza mteule.

Chama cha siasa kule si kama chama chetu. Mtu halipi ada kila mwezi, wala hapewi kadi kama hii niliyo nayo mfukoni. Katika majimbo mengi hujiandikisha tu kwa wasimamizi wa uchaguzi kwamba yeye ni wa chama fulani. Katika majimbo mengine hata hilo halihitajiwi, bali siku ya mchujo huomba karatasi ya chama anachokitaka, akapiga kura. Kwa hiyo kuuliza nani mwenyeji na nani mgeni si swali jepesi kule.

MZEE ALIYEPANDA GARI LETU

Nianze na mtu ambaye sisi wa reli tunamdai nauli. Theodore Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani mpaka Machi 1909. Alipotoka madarakani akaja huku kuwinda. Aprili mwaka ule alishuka Mombasa, akapanda gari la moshi kwenda bara, na sehemu ya safari akaketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini, apate kuwaona wanyama. Mambo hayo aliyaandika mwenyewe katika kitabu chake.

Aliporudi kwao hakupendezwa na rafiki yake Taft, aliyemwachia kiti. Mwaka 1912 akaamua kumpinga ndani ya chama chao cha Republican. Wakati huo kura za mchujo zilikuwa jambo jipya, na majimbo machache tu yalikuwa nazo. Roosevelt alishinda mengi ya majimbo hayo, hata Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini mkutano mkuu ulipokutana Chicago mwezi wa Juni, viti zaidi ya 250 vya wajumbe viligombaniwa, na kamati iliyoamua ugomvi ilikuwa mikononi mwa watu wa Taft. Viti karibu vyote vikapewa Taft. Roosevelt akasema ameibiwa, akatoka, akaunda chama kingine.

Hesabu ya Novemba ilikuwa hivi. Katika kila kura 100, Roosevelt alipata kama 27 na Taft kama 23. Ukizijumlisha ni 50. Wilson wa Democratic alipata kama 42, akawa Rais. Taft, aliyekuwa Rais, alishinda majimbo mawili tu katika nchi nzima. Na tusimsahau mtu wa nne, Eugene Debs, aliyewahi kuwa mtia makaa katika injini, ambaye mwaka 1894 alikuwa kiongozi wa mgomo mkubwa wa reli. Yeye aligombea kwa chama cha Kisoshalisti akapata kura kama 900,000. Huyo hakuingia nyumba ya mtu, alijijengea kibanda chake, na hakuna aliyemlaumu kwa kuvunja uaminifu. Lakini hakufika Ikulu.

Sasa angalieni. Roosevelt hakuwa mgeni. Alikuwa mwenyeji aliyewahi kushika funguo za nyumba. Aliyemfanya mgeni ni yule aliyehesabu viti kwa upendeleo, na hasira yake mwenyewe ikamaliza kazi. Nyumba ikaanguka kwa pande zote mbili.

SANDERS NA WENYE NYUMBA

Sasa tuje kwa habari za mwaka 2016. Bernie Sanders alizaliwa Brooklyn mwaka 1941, akahamia jimbo dogo la Vermont. Mwaka 1981 alichaguliwa meya wa mji wa Burlington kwa tofauti ya kura 10 tu. Akaingia Bunge mwaka 1991 na Seneti mwaka 2007. Miaka hiyo yote aligombea akiwa mtu huru, ingawa Bungeni aliketi pamoja na watu wa Democratic. Aprili 2015, akiwa na umri wa miaka 73, akatangaza kwamba anataka kuwa mgombea wa chama hicho hicho cha Democratic.

Wenye chama wakanung'unika. Wakasema, mtu huyu hakuwahi kuzoa taka za nyumba hii, leo anataka kuketi kichwani pa meza. Na hawakukosa sababu. Machi 2016 yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba, kwa ajili ya kupata nafasi katika magazeti na televisheni, ilimbidi kugombea ndani ya chama hicho. Maneno hayo yaliwachoma watu waliopanga viti na kugawa karatasi kwa miaka 30.

Lakini alikuja na jambo. Alisema mshahara wa chini uwe dola 15 kwa saa, matibabu yawe ya watu wote, na vyuo vya serikali visitoze karo. Fedha zake zilitoka kwa watu wengi wadogo, naye hakuchoka kusema kwamba mchango wa kawaida ulikuwa dola 27. Aprili 2016, wafanyakazi wapatao 40,000 wa kampuni ya simu ya Verizon walipogoma, alikwenda akasimama nao barabarani. Watu wakamiminika, hasa vijana.

Mpinzani wake alikuwa Hillary Clinton, aliyekuwa mke wa Rais, kisha Seneta, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Katika jimbo la Iowa walikaribia kulingana. New Hampshire, Sanders akashinda kwa kura 60 katika kila 100. South Carolina, ambako wapiga kura wengi wa chama ni weusi, Clinton akamshinda kwa kura 73 kwa 26. Hapo yafaa tuseme kweli: watu weusi wa Kusini walikuwa wenyeji wa chama kile kwa jasho na damu, na walimchagua mtu waliyemjua. Haikuwa hila. Ilikuwa kura.

Mwisho wa yote, Clinton alipata kura karibu milioni 17 na Sanders kama milioni 13. Alishindwa. Lakini kushindwa kwake kuliachwa na harufu, na harufu hiyo ilitoka katika mambo matatu.

La kwanza ni wajumbe wakuu. Chama kilikuwa na wajumbe zaidi ya 700, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama, ambao hawakuchaguliwa na mchujo na wangeweza kumpa kura yao wamtakaye. Novemba 2015, kabla mtu yeyote hajapiga kura popote, zaidi ya 350 kati yao walikwisha kusema wako kwa Clinton. Waliokuwa kwa Sanders hawakufika 10. Na Juni 6, 2016, jioni kabla ya California kupiga kura, shirika la habari lilitangaza kwamba Clinton amekwisha kushinda, kwa kuwahesabu wajumbe hao. Fikirini nyinyi mmepanga foleni, kisha mtu anapita akiwaambia mchezo umekwisha.

La pili ni daftari. Katika New York mchujo ulikuwa wa waliojiandikisha katika chama tu. Mtu aliyekuwa amekwisha kuandikishwa na akataka kubadili chama alitakiwa afanye hivyo kufikia Oktoba 9, 2015, na kura ilikuwa Aprili 19, 2016. Zaidi ya miezi sita! Watu wengi wa Sanders walikuta mlango umefungwa. Lakini sheria ile haikutungwa kwa ajili yake, na iliwauma wa pande zote. Hata watoto wawili wa Donald Trump walichelewa, wakashindwa kumpigia kura baba yao.

La tatu ndilo baya zaidi. Julai 22, siku tatu kabla ya mkutano mkuu huko Philadelphia, barua pepe za ofisi kuu ya chama zilitolewa nje. Zilionyesha baadhi ya makarani, ambao kazi yao ni kuwa waamuzi wa haki, wakimsema Sanders kwa dharau. Mmoja alipendekeza aulizwe juu ya dini yake, ili apoteze kura. Mwenyekiti wa chama akalazimika kujiuzulu. Barua hizo ziliibwa, na mwaka 2018 serikali ya Marekani iliwashtaki maofisa 12 wa ujasusi wa jeshi la Urusi kwa wizi huo. Lakini mwizi hakuandika zile barua. Alipita tu penye ufa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha Sanders alifanya nini? Hili ndilo wengi kantini hawakulijua. Julai 12 alisimama pamoja na Clinton huko New Hampshire akamwunga mkono. Katika mkutano mkuu watu wake mwenyewe walipomzomea alipowaomba wampigie Clinton kura, hakurudi nyuma. Siku ya kura za wajumbe alishika kipaza sauti akaomba Clinton atangazwe kuwa mteule kwa sauti moja. Na jambo hilo hakulibuni yeye. Mwaka 2008 huko Denver, Hillary Clinton mwenyewe aliposhindwa na Barack Obama, ambaye baba yake alitoka huku kwetu Nyanza, ndiye aliyesimama akaomba vivyo hivyo kwa ajili ya Obama. Mfano mwema hukopeshwa.

Novemba ilipofika, Trump alimshinda Clinton. Clinton alipata kura nyingi zaidi nchini, zaidi kwa kama milioni 2.9, lakini kule Rais huchaguliwa kwa majimbo, na majimbo matatu, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, yalipotea kwa kura zisizofika 80,000 zikijumlishwa. Uchunguzi mkubwa wa wapiga kura uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba kama 12 katika kila 100 waliomchagua Sanders kwenye mchujo walimpigia Trump. Wako wanaosema hao ndio waliomwangusha Clinton. Mimi sisemi hivyo. Wengine kati yao hawakuwa watu wa Democratic tangu mwanzo, na pengo dogo kama hilo lina sababu nyingi. Nasema tu kwamba tofauti ikiwa ndogo, hakuna chama kiwezacho kuwatupa watu wake wachache.

TRUMP NA KARATASI YA KIAPO

Upande wa Republican walianza watu 17. Donald Trump alikuwa mfanyabiashara aliyejulikana kwa televisheni. Hakuwahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa, na kwa miaka kadhaa baada ya 2001 alikuwa ameandikishwa katika chama cha Democratic. Agosti 6, 2015, katika mdahalo wa kwanza huko Cleveland, wagombea 10 waliokuwa jukwaani waliulizwa ni nani asiyekubali kuahidi kwamba atamwunga mkono mteule, awe nani. Aliyeinua mkono ni mmoja tu, Trump.

Wakubwa wa chama wakaogopa asije akatoka kama Roosevelt. Wakaandika karatasi ya kiapo cha uaminifu, na Septemba 3 Trump akatia sahihi. Wakapumua. Walidhani wamemfunga yeye, kumbe wamejifunga wenyewe. Maana Trump alianza kushinda jimbo baada ya jimbo, na waliokuwa wanamwogopa wakabaki na sahihi zao mkononi. Machi 2016 Trump akasema kiapo hakimfungi tena, na wapinzani wake wawili waliosalia, Cruz na Kasich, nao wakakwepa kukirudia. Karatasi ilidumu miezi saba.

Katika mkutano mkuu wa Julai, Cruz alipewa nafasi ya kusema. Akawaambia watu wapige kura kwa dhamiri zao, wala hakusema mchagueni Trump. Ukumbi mzima ukamzomea. Septemba akamwunga mkono. Kasich, gavana wa jimbo lile lile la Ohio, hakutia mguu ukumbini.

Wenzangu, sisi hatumo katika siasa za Marekani, wala sikuja kuwaambia Trump ni mwema au mbaya. Alishinda mchujo kwa kura za watu, na hakuna awezaye kumnyima hilo. Ninalotaka mlione ni hili. Wakubwa walimtaka mgeni awe mwaminifu kwa chama, na baadaye chama kizima kikatakiwa kiwe kiaminifu kwake. Alishinda 2016, akashindwa 2020, akashinda tena 2024, na wengi waliompinga ndani ya chama mwanzoni ama walinyamaza ama waliondoka. Sahihi ya karatasi haijengi uaminifu. Kama umo moyoni, karatasi haihitajiwi. Kama haumo, karatasi haisaidii.

VYAMA VYA WAFANYAKAZI VILIFANYA NINI?

Hapa ndipo panapotuhusu sisi zaidi. Mchujo wa Democratic uliwagawa wafanyakazi wa Marekani. Julai 2015 halmashauri ya chama cha walimu cha AFT ilimwunga mkono Clinton, na Novemba wakubwa wa chama cha SEIU, chenye wafanyakazi wa hospitali na usafi, wakafanya vivyo hivyo. Wauguzi wa National Nurses United na watu wa posta walikuwa kwa Sanders. Chama cha wafanyakazi wa simu, CWA, kilikaa miezi mitatu kikiwauliza wanachama wenyewe, na Desemba kikatangaza kwamba wamemchagua Sanders. Machi 2016 chama cha madereva wa mabasi na treni za mijini nacho kikamwunga mkono.

Palikuwa na kelele nyingi katika vyama ambavyo uamuzi ulitoka juu. Wanachama waliuliza, "Ni nani aliyeniuliza mimi?" Shirikisho lao kubwa, AFL-CIO, lilifanya busara nyingine. Lilinyamaza mpaka mchujo umekwisha, ndipo Juni 16, 2016 likamwunga mkono Clinton. Uongozi wa juu haukupenda upande wakati ndugu wakishindana, ukabaki na mahali pa kuwapatanisha.

NYUMBA ILIJIREKEBISHAJE?

Agosti 2018 chama cha Democratic kilibadili sheria. Wajumbe wakuu hawapigi tena kura katika duru ya kwanza, ila kama mshindi amekwisha kujulikana wazi kwa kura za mchujo. Mwaka huo huo kikaweka sheria nyingine: mtu atakaye kugombea Urais kwa jina la chama athibitishe kwa maandishi kwamba yeye ni wa chama na atatawala akiwa wa chama. Ya kwanza ilikuwa deni la nyumba kwa mgeni. Ya pili ilikuwa deni la mgeni kwa nyumba. Sanders alithibitisha mwaka 2019, akagombea tena 2020, akashindwa na Biden, na Aprili, siku chache baada ya kujitoa, akamwunga mkono. Safari hii mgawanyiko haukuwa mkubwa kama ule wa kwanza. Ingawa hivyo, Vermont anaendelea kuchaguliwa akiwa mtu huru, na wenyeji wengine bado wanalalamika kwamba hulishika jembe wakati wa masika kisha huenda kwake. Hilo nalo nimelisema ili mizani iwe sawa.

YATUHUSUYO SISI

Padri wetu shuleni alitufundisha mfano wa wenye kazi katika shamba la mizabibu. Wengine waliajiriwa alfajiri, wengine saa kumi na moja jioni, na wote wakalipwa dinari moja. Wa alfajiri wakanung'unika. Nilipokuwa mtoto niliona wa alfajiri wamedhulumiwa. Sasa nimekuwa mtu mzima nakata ada kila mwezi, na naona kwamba mapatano yalikuwa dinari, na dinari ililipwa. Katiba ya chama chetu inasema mwanachama aliyelipa ada ana kura moja. Haisemi aliyelipa miaka 20 ana kura 20. Kwa hiyo ndugu aliyetujia miaka miwili iliyopita si mgeni tena. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tulimpa jembe alipoketi nasi katika madai ya posho ya usiku, na alilima. Lakini naye ajue kwamba mwenye jembe halitupi akishindwa kuchaguliwa mnyapara.

Na sasa niseme langu. Miaka kadhaa iliyopita mgombea wetu wa karakana alishindwa kwa kura 11. Tulisema hesabu si sawa. Badala ya kuomba zihesabiwe tena, sisi wapatao 30 tuliacha kuja mikutanoni, karibu mwaka mzima. Mwaka huo mwajiri alileta ratiba mpya ya zamu za usiku. Kamati ikaketi, na katika chumba kile hapakuwa na mtu mmoja wa karakana wa kusema kwamba ratiba hiyo inatupa usiku saba mfululizo. Ikapita. Tuliifanya ile kazi. Asubuhi moja mke wangu akaniuliza, "Ni nani aliyekunyima usingizi, mwajiri, au waliowashinda, au nyinyi wenyewe?" Nilikunywa chai yangu, sikumjibu.

Na walioshinda wakati ule wasicheke, kwa maana hata wao hawakuja kutuita. Walifurahi kwamba mikutano imekuwa mifupi.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na Mwenyekiti akiona vema yapigiwe kura leo.

Kwanza, daftari la wanachama libandikwe ukutani kuanzia Jumatatu, ili asiyeona jina lake aseme mapema. Tusingoje siku ya kura kuambiana kwamba mlango ulikwisha kufungwa.

Pili, wanaosimamia uchaguzi wasiwe watu waliomfanyia kampeni mgombea yeyote. Aliyekwisha kusema kantini anamtaka nani, na mimi nikiwa mmoja wao, asiguse sanduku.

Tatu, kura zihesabiwe humu humu ukumbini, kila mgombea akiwa na mawakili wawili mezani, na anayetaka zihesabiwe tena aombe palepale, si wiki ya pili.

Nne, matokeo yakiisha kusomwa, wa kwanza kusema awe aliyeshindwa, na wa pili awe aliyeshinda. Aliyeshinda atuambie watu wa mwenzake watapata nafasi gani katika kamati. Sitaki kiapo cha karatasi. Nataka tuwasikie wote wawili kwa masikio yetu.

Mimi nimekwisha kuamua nitampigia nani kura, na nyinyi mnajua. Basi nasema mbele yenu nyote, Mwenyekiti akiandika: mtu wangu akishindwa, Jumamosi inayofuata nitakuwa hapa, kiti hiki hiki, na kadi yangu itakuwa imelipwa. Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza kwa heshima, asiyehesabu kwa haki hana ruhusa ya kulitumia neno hilo.

Mwajiri hatatuuliza nani alitangulia kuja. Atatuuliza tuko wangapi.